Mpigaji wa pande mbili: dhaifu, lakini kuliko nani?

Mechi ya besiboli ikianza saa moja jioni New York katika majira yao ya joto, hapa Lubumbashi ni saa saba usiku. Wanaoikesha ni wachache, ila ubishi wao haupungui ule wa timu za soka za Mazembe na Lupopo. Mmoja ni huu: mpigaji ajifunze kupiga kutoka pande mbili, au abaki na mmoja? Mwaka 2025 Cal Raleigh wa Seattle Mariners aliuchochea: katika msimu mmoja alivusha uzio mipira 60, akaipita 54 ya Mickey Mantle, nyota wa zamani wa New York Yankees, ya mwaka 1961, iliyokuwa rekodi ya wapigaji wa pande mbili. Hao ndio husimama kushoto mbele ya mrushaji wa mkono wa kulia, na kulia mbele ya mashoto.

Faida iko machoni. Mrushaji wa kulia akipinda mpira, mpigaji wa kulia anauona ukimjia mbavuni, kisha unamkimbia na kulikwepa gongo. Akisimama kushoto, mpira uleule unamwingilia. Umbali ni mita 18.44, na mpira unautafuna kwa chini ya nusu sekunde, kwa hiyo hata tofauti ndogo ya pembe ni mali.

Gharama nayo ipo. Mapigo mawili ni mazoezi mawili, na warushaji wa mashoto ni wachache: upande wa kulia unaweza kulala siku kadhaa, halafu unaamshwa ghafla. Zamu zenyewe zikiwa chache, wiki tatu mbovu zinatosha kumfanya mtu aonekane kipofu kwa msimu mzima.

Mantle huvutwa na kila upande wa ubishi. Akipiga kulia, wastani wake wa maisha ulikuwa .330 (kama mapigo 330 yaliyofaulu katika zamu 1,000), kushoto .281. Lakini kati ya mipira yake 536 ya kuvuka uzio, 372 aliipiga kushoto, kwani huko ndiko alikopata zamu nyingi. Basi angepiga kulia tu? Hapana, hiyo hoja mimi siinunui. Ile .330 aliichuma kwa mashoto, pembe iliyompendelea. Haituambii angefanya nini kulia mbele ya mrushaji wa kulia.

Cedric Mullins alijibu kwa vitendo. Mzaliwa wa kushoto, aliacha kupiga kulia kabla ya msimu wa 2021, na mwaka huohuo akiwa Baltimore akafikisha mipira 30 ya kuvuka uzio na besi 30 za kuiba, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mwenzake apige. Wengi husema kuacha ndiko kulikomkomboa. Polepole: zamu zake nyingi zilikuwa mbele ya warushaji wa kulia, ambako tangu zamani alipiga kushoto. Alichopata zaidi, nadhani, ni mazoezi yasiyogawanywa.

Kwangu, upande dhaifu usipimwe kwa upande wenye nguvu. Upimwe kwa kile ambacho mpigaji huyohuyo angefanya kama asingegeuka. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kinamtaka kocha ampe zamu za kuaibika kwanza, mbele ya mpira wa kilomita 150 kwa saa unaotoka pembe ambayo hajaiona tangu utotoni.