Mwanafunzi wa uhasibu afunzwe kuandika na nani?

Hapa Malindi ukikaa na wazazi wenye vijana wanaosoma uhasibu mjadala huu hauishi, kijana anafanya CPA, ile mitihani ya uhasibu wa kitaaluma, ama digrii ya komasi, sasa haya maeseyi ya nini, si apewe hesabu afanye amalize. Upande wa pili kuna wale waliowaajiri, mahotelini, kwenye sacco, maofisini, na kilio chao ni kimoja: kijana anapiga hesabu sawasawa lakini mwambie akuandikie ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini pesa imepungua, hapo ndo anakwama. Mimi kwa hilo la kwanza sina shaka, kuandika lazima. Swali langu ni anafunzwa wapi na nani, maanake vyuo vingi vinafanya hivi: mwaka wa kwanza kuna somo la mawasiliano, watu wa komasi wamechanganywa na wa ualimu na wa utalii, wanafunzwa aya na insha na barua ya kuomba kazi, alafu basi, kimya mpaka mwaka wa mwisho anapoambiwa lete projekti ya sura tano.

Tuchukue hoteli ya ufuoni, ya kubuni tu lakini ni kama zile tunazozijua. Mwisho wa Oktoba ina mali ya muda mfupi ya milioni 12 na madeni ya muda mfupi ya milioni 6, kwa hiyo karenti reshio, yaani mali hiyo ukiigawanya kwa madeni hayo, ni 2. Novemba mawakala wanaanza kutuma diposti za wageni wa Disemba na Januari, inaingia milioni 8. Pesa iko benki, haijaguswa hata shilingi, lakini kwa IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu mapato kinachotumika tangu 2018, ile diposti ni deni mpaka mgeni aje alale. Sasa mali ni milioni 20, madeni milioni 14, reshio imeshuka mpaka 1.43. Mwanafunzi ataandika "reshio imeshuka kutoka 2 hadi 1.43, hii ni mbaya, kampuni ina shida ya kulipa madeni yake". Hesabu haina kosa hata moja na maana yote imepinduka, kwa sababu msimu ndo unafunguka na hoteli haijawahi kuwa na pesa mkononi kama mwezi huo. Mwanafunzi mzuri ataeleza kwamba deni limekua kwa sababu ya diposti, kwamba deni lenyewe linalipwa kwa vyumba na chakula sio kwa kutoa pesa, alafu ataongeza la hatari, kwamba safari zikifutwa kwa wingi vile ilivokuwa 2020 wakati wa korona, diposti hizo hizo zinaweza kugeuka pesa za kurudishwa na hapo hoteli itaumia kweli.

Mwalimu wa lugha hawezi kuliona kosa hilo. Sentensi ya yule wa kwanza imenyooka, nukta ziko mahali pake, atampa alama zake zote. Na sio makosa yake, hakusomea hayo. Anamfunza pia kurejelea vitabu na majarida, vizuri, lakini mhasibu kazini rejeleo lake kubwa ni aya ya kiwango cha uhasibu na noti, yaani maelezo yanayoambatana na hesabu za kampuni, aseme nimeitoa noti ya 14, mwaka fulani, na msomaji aende aikute.

Wanaosema kuandika hakumhusu mhasibu wanasahau kazi yenyewe imebadilika. Ripoti ya mkaguzi zamani ilikuwa karibu ni fomu, maneno yale yale kila kampuni unabadilisha jina na tarehe. Tangu hesabu za mwisho wa 2016, kwa kampuni zilizoko soko la hisa, mkaguzi anatakiwa aeleze mambo yaliyomsumbua zaidi kwenye ukaguzi, kwa nini yalimsumbua na aliyafanyia nini, yaani aandike kwa maneno yake mambo ya kampuni hiyo hiyo. Na huku kwetu tunaona ripoti za Mkaguzi Mkuu kuhusu kaunti, Katiba ya 2010 kifungu cha 229 inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na ugomvi wote unaofuata unatokana na aya, matumizi fulani hayana stakabadhi, mradi fulani umelipwa na haujakamilika. Mhasibu wa kaunti akijibu hoja hizo vibaya kwa maandishi, hata kama pesa ilitumika sawa, ataonekana mwizi.

Lakini hao wanaokataa maeseyi nao wana haki yao, na wanachosema sio uvivu. Mtihani wa KASNEB, bodi inayotahini CPA, ni masaa matatu na kupita ni asilimia 50, mwanafunzi anajua akilinda maswali ya hesabu anaweza kuvuka, sasa utamwambia nini akiona muda wa kuandika unamla muda wa kufanya hesabu za makampuni yaliyoungana? Na lekchara wa uhasibu mwenye darasa la watu mia na zaidi, kila mmoja akileta kurasa kumi atasahihisha saa ngapi, kwa mshahara gani. Hili ndo pingamizi zito kuliko yote na wanaoandika mitaala hulipita haraka haraka kama halipo.

Ninachoona ni kwamba kosa liko kwenye urefu. Hakuna haja ya kurasa kumi. Kila swali kubwa la hesabu liishie na aya moja, maneno mia na kidogo, iliyoandikiwa mtu fulani, meneja wa hoteli ama kamati ya mkopo ya sacco, na lekchara asahihishe kitu kimoja tu wiki hiyo: je, sababu imetajwa na nambari inaiunga mkono? Zingine wanafunzi wabadilishane wasomane wenyewe. Wale walimu wa mawasiliano wasiondolewe, waje wakae na lekchara wa uhasibu wapange hizo aya pamoja, kwa sababu kuna vitu wanavijua wao ambavyo mhasibu hana, jinsi ya kuipanga hoja, jinsi ya kukata maneno ya ziada.

Kinachobaki kigumu kwangu ni lugha. Mtihani ni Kiingereza, ripoti ni Kiingereza, na mtoto wa Shela au Maweni amekulia Kigiriama ama Kiswahili nyumbani. Ukimwuliza kwa mdomo kwa nini reshio imeshuka atakueleza vizuri mpaka ufurahi, mpe kalamu anaandika "hii ni mbaya". Wengine wanasema azoeshwe Kiingereza tangu siku ya kwanza kwa sababu soko la kazi halitamhurumia, na ni kweli halitamhurumia. Ila mimi ningemwacha aandike rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, aipate ile sababu kwanza, alafu aihamishe, na lekchara aone zote mbili kabla ya kumkata alama.