Braddock wanajitawala, Tanga tuna Bombo

Kila nikipita Braddock, mji mdogo kando ya mto Monongahela karibu na hapa Pittsburgh ninapoishi, naikumbuka Tanga. Andrew Carnegie alifungua hapo kiwanda cha chuma cha Edgar Thomson mwaka 1875, na matanuri yake yanawaka hadi leo. Mwaka 1889 akawajengea maktaba, ya kwanza kati ya zote alizojenga Marekani. Chini kabisa aliweka bafu, mfanyakazi atoke zamu na masizi yake, aoge, ndipo apande kusoma. Jengo lile la mawe lipo bado, na mimi huwa siwezi kulipita bila kusimama.

Waliopungua ni watu. Sensa ya 1920 ilihesabu zaidi ya 20,000. Ya 2020 haikufika 2,000. Kazi iliyotaka maelfu ya mikono sasa inafanywa na mamia, na wenye uwezo walishahamia vitongoji vya mbali.

Mji huu haufiki hata kilomita mbili za mraba, lakini una meya wake, baraza lake na kodi yake ya majengo. Hilo nalionea wivu kweli. Kwetu mwenyekiti wa mtaa ana muhuri tu. Mama akinunua umeme, kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU na kwenda zake serikalini.

Ila kujitawala huko kuna upande mchungu. Nyumba zikibaki magofu, kodi nayo inakwisha, na miji jirani yenye neema haiwajibiki kuchangia. Mwaka 1988 jimbo la Pennsylvania liliitangaza Braddock kuwa mji wenye dhiki ya fedha. Mwaka 2010 hospitali ikafungwa, maana wamiliki wake waliona hailipi, na baadaye ikabomolewa. Wazee wakabaki kufuata matibabu nje ya mji.

Tanga nayo iliumia mkonge ulipoporomoka, nyuzi za plastiki zilipoteka soko. Viwanda vikafa kimoja baada ya kingine. Lakini Bombo, hospitali yetu ya mkoa, haikufungwa. Foleni ni ndefu, dawa nyingine unaambiwa ukanunue nje, lakini daktari yupo, kwa kuwa mshahara wake hautegemei mapato ya Tanga peke yake.

Mtaa wetu wa Ngamiani uachiwe sehemu ya kodi ya majengo yake, wakazi wenyewe waamue mtaro upi uzibuliwe kwanza. Mshahara wa daktari wa Bombo uendelee kutoka serikali kuu.