Mfumo wa Sauti wa Uwanja wa Mbio Ujengwe kwa Ajili ya Saa ya Dhoruba

Tarehe 6 Julai 2005, mabaki ya Kimbunga Cindy yalizaa tonado iliyopita juu ya Atlanta Motor Speedway, uwanja wa mbio za magari ulioko Hampton, katika jimbo la Georgia nchini Marekani. Mapaa na kuta za nje za majengo ziling'olewa, na hasara ilikadiriwa kufikia takriban dola milioni 40. Hata hivyo, tarehe 30 Oktoba ya mwaka uleule magari ya NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, yalishindana hapohapo, na Carl Edwards akaibuka mshindi. Nawaheshimu mafundi wanaoufufua uwanja kwa muda usiotimia miezi minne. Lakini kasi ya namna hiyo, ambayo kila mwenye uwanja huitamani kwa kuwa ratiba ya mashindano haimngojei mtu, ina hatari yake, na hatari hiyo naiona zaidi katika kitu ambacho aghalabu huachwa hadi siku za mwisho za ukarabati, nacho ni mfumo wa sauti.

Spika za uwanja hazina pa kujificha. Hufungwa kwenye ukingo wa paa la jukwaa au juu ya nguzo ndefu, mahali palepale ambapo upepo hupiga kwa nguvu zaidi. Iliyoanguka huonekana na kila mtu, na mkaguzi wa bima huiandika. Inayonitia wasiwasi ni ile iliyobaki juu, kwa sababu maji huweza kuwa yameingia ndani yake na kuanza kulisha kutu kwenye transfoma, huku msukumo wa umeme wa radi ukiwa umepita katika nyaya za shaba na kudhoofisha amplifaya (kikuza sauti kinachoendesha spika) ambayo bado inawaka taa zake zote. Kifaa kama hicho hufa miezi kadhaa baadaye, madai ya bima yakiwa yamekwisha kufungwa. Kwa hiyo kila laini ya nyaya za spika ipimwe ukinzani wake wa umeme, na kila spika isikilizwe peke yake, kabla ya mtu yeyote kutamka kwamba upande fulani haukudhurika.

Baada ya hapo huja kishawishi cha kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Napinga jambo hilo kwa nguvu zote. Mifumo mingi ya zamani ilijengwa kwa ajili ya kumtaja anayeongoza na kusoma matangazo ya biashara, na mara nyingi ilitegemea spika chache kubwa zilizorundikwa mahali pamoja. Uwanja wa Atlanta una mzunguko wa maili 1.54, yaani karibu kilomita 2.5. Katika hewa yenye nyuzi 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya spika moja mahali pa wazi hupungua kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi. Aliyewahi kusimama katikati ya spika mbili kwenye mkutano wa kampeni anajua matokeo yake: neno moja hufika mara mbili, na la pili hulifunika linalofuata. Kuongeza nguvu ya amplifaya hakuponyi hali hiyo, kwani walio karibu huumizwa masikio na walio mbali huendelea kusikia mvumo usio na maneno. Dawa ni spika nyingi ndogo zilizo karibu na watu, sauti ya kila kundi ikicheleweshwa kwa kipimo chake ili isigongane na ile inayotoka kwenye spika za mbali, kisha usikivu wa maneno upimwe katika kila sehemu kwa kipimo cha STI, yaani kipimo cha jinsi maneno yanavyoeleweka, kinachoanzia 0 hadi 1, ambapo 0.5 ndicho kiwango kinachotakiwa mara nyingi kwa matangazo ya dharura.

Wapo wanaosema gharama hiyo ni bure, kwa sababu magari hupiga kelele zaidi ya desibeli 100 na watazamaji wengi huvaa vizuizi vya masikio au husikiliza redio zao. Hoja hiyo ni kweli wakati mbio zinaendelea. Dhoruba inapofika, injini huwa zimezimwa. Tarehe 5 Agosti 2012, mbio za Pocono, katika jimbo la Pennsylvania, zilikatishwa na hali ya hewa. Radi ikapiga eneo la nyuma ya jukwaa, ikamuua mtazamaji mmoja na kuwajeruhi wengine tisa. Baadaye wasimamizi walieleza kwamba maonyo yalitolewa kwa vipaza sauti na mitandaoni, na baadhi ya watazamaji walisema hawakuyasikia. Sina nia ya kuwahukumu wasimamizi hao. Ninachojifunza hapo ni kwamba watu wanaokimbia mvua huenda kwenye maegesho, kwenye hema na kwenye magari yao, ilhali karibu spika zote za uwanja huelekezwa kwenye viti walivyokwisha kuviacha. Ukarabati usioyafikia maegesho na eneo la kambi haujawafikia wanaohitaji onyo kuliko wote.

Mengine ni kazi ya fundi mwenye subira. Spika zinazopakana zigawanywe katika laini mbili, ili laini moja ikikatika pasiwe na sehemu iliyo kimya kabisa. Amplifaya zisiwekwe zote katika chumba kimoja, wala chini ya kiwango yanapoweza kufika maji, na vyumba hivyo viunganishwe kwa nyaya za faiba, ambazo hazipitishi umeme wa radi jinsi shaba inavyofanya. Ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini, na vizuia msukumo wa umeme viwepo kwenye kila nguzo. Betri ziwepo hata kama kuna jenereta.

Na kabla ya mashindano ya kwanza, umeme mkuu uzimwe kwa makusudi. Onyo lisomwe kwa nguvu ya betri pekee, siku yenye upepo ikiwezekana, huku watu wamesimama katika kila kona ya majukwaa, maegesho na kambi, wakiandika maneno wanayoyasikia. Sehemu ambayo maneno hayakuandikwa sawasawa isifunguliwe kwa watazamaji hadi irekebishwe na kupimwa tena.