Mchuuzi hakujua. Na mlaji je?

Juzi sokoni bwana afya alikamata ndoo mbili za kamba. Nilikuwa hatua tatu tu: vichwa vinachomoka vyenyewe, nyama imelegea, na juu yake imemwagwa barafu mpya kupunguza ile harufu inayochoma pua. Watu wakapiga kelele, "Mnamwonea! Kijana wa watu hakujua!" Hata jirani yangu, mtu mzima, akaitikia.

Nimeshindwa kulinyamazia. Sawa, kijana hakujua. Na mlaji je, alijua?

Wamarekani walilikata jambo hili vizuri. Sheria yao ya usafi wa chakula na dawa, aliyoisaini Rais Theodore Roosevelt tarehe 30 Juni 1906, iliruhusu serikali kuushtaki mzigo wenyewe ukishavuka mpaka wa jimbo. Katika kesi hizo mshtakiwa si mtu: ni Marekani dhidi ya mapipa kadhaa ya chaza, au dhidi ya makasha ya kamba wa makopo. Hakimu alitaka kujua jambo moja: humu mna kitu kichafu, kilichooza au kilichovunda? Kikiwemo, mzigo umehukumiwa. Nia ya mwenye mali haikuulizwa. Wala hakuzibwa mdomo. Aliweza kuja kuutetea mzigo wake, hata kudai jopo la raia. Kisha hukumu ikachapishwa, kila mtu asome. Ninaipenda sheria hiyo kwa sababu ilianza na tumbo la mlaji, na tumbo halijali nani alijua nini.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kukamata hakutoshi. Mwishoni mwa 1924 chaza walieneza homa ya matumbo Chicago, New York na Washington. Watu wapatao 1,500 waliugua, kama 150 wakafa. Na chaza wale hawakuwa wameoza! Tatizo lilikuwa maji machafu walikotoka, wakaliwa wabichi. Mwaka uliofuata ndipo ulipowekwa mpango wa kukagua maji yenyewe.

Hasara ya mchuuzi nayo inaniuma, barafu ni ghali. Mwaka 1934 wasindikaji wa kamba kule waliruhusiwa kuomba mkaguzi akae kiwandani, kwa gharama yao, kabla mali haijaharibika. Wachuuzi wetu wakichangiana hata kasha moja la barafu la pamoja, ndoo nyingi zitapona.

Ndoo zilipokwisha kumwagwa, mama mmoja alikuwa bado ameshika mfuko wake wa nusu kilo, mtoto mgongoni. Bwana afya akanyoosha mkono. "Mama, naomba na hao." Akasita sana. Kisha akampa.