Zana ya kuorodhesha kazi haistahili maelezo ya mstari mmoja

Kati ya zana zote anazopewa wakala wa akili mnemba, yaani programu ambayo modeli ya lugha huitumia kutenda kazi kwa kuita zana, ile ya kuorodhesha kazi ndiyo huandikiwa maelezo kwa haraka zaidi. "Huorodhesha kazi za mtumiaji," na mwandishi anaendelea na nyingine. Zana ya kufuta hupewa onyo, ya kuhariri hupewa mfano. Kuorodhesha huchukuliwa kuwa ni kusoma tu, na kusoma, wanasema, hakuharibu kitu.

Wanaotetea ufupi wana hoja nzito. Katika itifaki ya MCP (Model Context Protocol), utaratibu wa kuunganisha modeli na zana uliotangazwa na Anthropic Novemba 2024, seva hutaja kila zana kwa jina, maelezo na skima, yaani muundo rasmi, ya vigezo vyake. Kwa kawaida programu ya wakala huyaweka yote mbele ya modeli, na yanahesabiwa tena katika kila mzunguko wa mazungumzo. Zana 40 zenye tokeni 300 (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma) kila moja ni tokeni 12,000 kabla mtumiaji hajaandika neno. Tena, jambo likiandikwa kwenye skima na kurudiwa kwenye maelezo, siku moja litabadilishwa upande mmoja na kusahaulika upande wa pili. Haya ni kweli, na maelezo yanayoanza kwa kuisifu zana au kusimulia historia yake yakatwe bila huruma.

Ila skima haisemi kila kitu. Inasema `hali` inaweza kuwa wazi, inaendelea au imekamilika. Haisemi kigezo hicho kikiachwa zinarudi kazi zipi. Inasema `kikomo` ni namba. Haisemi kinachotokea kazi zikizidi kikomo. Na hapo ndipo madhara makubwa yanapoanzia.

Chukua seva yenye kazi 130 inayorudisha 50 kwa kila mwito. Mtu anayetazama skrini huona kitufe cha ukurasa unaofuata. Wakala huona JSON, data iliyopangwa kwa maandishi, iliyofungwa vizuri, mabano yote mahali pake, bila dalili kwamba kuna kitu kimebaki. Akiulizwa kazi ni ngapi, atajibu 50. Hilo ni kosa dogo. Kubwa ni pale anapoagizwa: "Ongeza kazi hii kama haipo." Anaorodhesha, anaikosa kwenye 50 za mwanzo kwa sababu ni ya 87, anaiunda upya. Ratiba ikimwamsha kesho anarudia, na keshokutwa pia. Baada ya wiki kuna nakala saba, watu wawili wanafanya kazi ileile, na anayechunguza anaanza na zana ya kuunda, ambayo haina kosa lolote. Zana "ya kusoma tu" ndiyo iliyosababisha nakala zote hizo. MCP ina alama ya `readOnlyHint` ya kueleza kwamba zana haibadilishi chochote, na hapa alama hiyo ingekuwa sahihi kabisa. Isingezuia nakala hata moja.

Wengine hudhani itifaki imeshalimaliza suala la kurasa. La hasha. `nextCursor`, alama ya ukurasa unaofuata katika mwito wa `tools/list`, hugawa orodha ya zana zenyewe, si kazi zilizo ndani ya zana yako. Kurasa za kazi ni juu yako: weka kigezo cha `kielekezi`, alama ya pale orodha ilipoishia, kirudishe pamoja na `jumla` na `zimerudishwa` katika kila jibu, kisha eleza matumizi yake kwa maneno.

Vitambulisho navyo huponza. Katika Taskwarrior, programu ya kuorodhesha kazi kwa mstari wa amri, namba fupi za kazi hupangwa upya ripoti inapoonyeshwa, mradi usafishaji wake haujazimwa. UUID, kitambulisho kirefu cha kipekee cha kila kazi, pekee ndiyo haibadiliki. Wakala aliyeshika "namba 3" kutoka orodha ya kwanza, akaorodhesha tena baada ya kazi moja kukamilika, anaweza kufunga kazi nyingine kabisa. Sentensi moja inayomwelekeza kwenye `task export`, amri ya kutoa kazi kama data, na UUID ingetosha.

Orodha tupu nayo ina maana zaidi ya moja: hakuna kazi, jina la mradi limekosewa, au ruhusa haipo. Mabano matupu huficha mawili ya mwisho, na wakala atatangaza kwa uhakika kwamba hakuna kazi. Jina lisilojulikana lirudishe kosa, tena ndani ya matokeo ya zana pamoja na `isError`, alama ya MCP ya kosa, ili modeli ilisome na kujirekebisha: "Mradi 'ripti' haupo. Iliyopo: ripoti, malipo." Hapa mtetezi wa ufupi anapata haki yake, kwa kuwa maelezo ya namna hii hulipiwa tu yanapohitajika.

Tarehe ziandikwe kwa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, pamoja na tofauti ya saa. Kazi ya 2025-03-11T01:00:00+03:00 ni ya tarehe 10 saa 22:00 kwa UTC (saa ya rejea ya dunia), kwa hiyo seva inayohesabu "leo" kwa UTC itaiweka siku isiyo yake.

Kwa hiyo sitetei urefu kwa ajili ya urefu. Yanayostahili nafasi ya kudumu ni machache, na yanaenea kwenye aya moja: "Hurudisha kazi ambazo hazijakamilika, isipokuwa `hali` imetajwa. Hutoa 20 kwa mwito. Jibu likiwa na `kielekezi`, ita tena ukikituma. Kukosa kazi kwenye ukurasa mmoja si ushahidi kwamba haipo. Tumia `kitambulisho`, si nafasi kwenye orodha."

Aya hiyo ipimwe kabla ya kuaminiwa. Jaza kazi 60, kikomo kiwe 20, kazi lengwa iwe kwenye ukurasa wa tatu. Mwagize wakala aiongeze kama haipo, mara 10 kwa maelezo mafupi na mara 10 kwa haya, ukirudisha data kama ilivyokuwa kabla ya kila jaribio. Hesabu nakala. Zikibaki hata kwa maelezo marefu, angalia jibu lenyewe la seva: huenda `kielekezi` kimewekwa mwishoni, baada ya kazi zote 20, na programu ya wakala hukata majibu marefu kabla ya kufika hapo. Kihamishie mwanzoni, kitangulie kazi ya kwanza, kisha rudia majaribio yote.