Mgombea Binafsi: Jaji Anaisoma Katiba Hadi Wapi?

Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, alitamka kwamba raia anaweza kugombea bila kudhaminiwa na chama, kwa kuwa ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. Bunge halikukaa kimya. Lilirekebisha ibara hiyohiyo, ikaanza kwa maneno "Bila ya kuathiri masharti ya Ibara ya 39, ya 47 na ya 67", yaani masharti yanayomtaka mgombea atoke kwenye chama cha siasa. Haki ikabaki imeandikwa, lakini mlango wake umefungwa kwa maneno yaliyotangulia.

Mtikila alirudi mahakamani, na mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi tena, huku wakiitaka Serikali iandae utaratibu wa kisheria kabla ya uchaguzi uliofuata. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, ikiwa na majaji saba chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ilitengua uamuzi huo: mahakama haina uwezo wa kubatilisha ibara ya Katiba kwa kuipima na ibara nyingine, na suala lenyewe ni la kisiasa, hivyo liamuliwe na Bunge.

Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Jaji hakupigiwa kura, na akianza kuchagua ibara zipi zina hadhi kuliko nyingine, atakuwa anatunga Katiba badala ya kuifasiri. Hata hivyo naamini Mahakama ya Rufani ilirudi nyuma kupita kiasi. Wabunge walioachiwa suala hili wote wamefika bungeni kwa tiketi ya chama au kwa uteuzi, na mlalamikaji ni yule aliyefungiwa nje ya utaratibu huo. Kumwambia akaombe haki yake kwa walioifunga si kumpa nafuu. Tena majaji wa 2006 hawakutunga sheria ya uchaguzi. Waliitaka Serikali iandae utaratibu, na ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kuipa Serikali nafasi ya kurekebisha kasoro.

Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikuta kwamba Tanzania imevunja haki ya raia kushiriki katika utawala wa nchi na kuitaka irekebishe. Mtikila alifariki mwaka 2015, na ibara ya 21 bado inaanza kwa maneno yaleyale.