Force akaunti imejenga madarasa, mafundi je?

Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilichukua sehemu ya mkopo nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), uliokuwa shilingi trilioni 1.3, ikaamua kujenga madarasa 15,000 kwa miezi michache. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Kazi hizo hazikupelekwa kwa kampuni za ujenzi. Zilikwenda kwa force akaunti: kamati ya shule inanunua saruji, nondo na mabati, inapatana bei na mafundi wa hapo hapo, na mhandisi wa halmashauri anapita kukagua.

Mjadala haujaisha tangu hapo. Wanaoutetea mtindo huu wana hoja nzito: gharama ilishuka, madarasa yalionekana kwa macho, na fedha ya ujira ilibaki kijijini badala ya kupanda basi kurudi Dar es Salaam. Makandarasi wanajibu kwamba wao wamesajiliwa, wanalipa kodi, wanabeba dhamana jengo likipata nyufa, halafu kazi anapewa mtu ambaye kesho hapatikani hata kwa simu. Nao hawasemi hewani, kwani ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimetaja zaidi ya mara moja majengo ya force akaunti yaliyojengwa chini ya kiwango au kuachwa njiani.

Ninachokiona kimesahaulika na pande zote mbili ni fundi mwenyewe. Kwa miaka kadhaa serikali imekuwa mteja mkubwa wa mafundi wa mtaani, ikajenga shule, zahanati na vituo vya afya kwa mikono yao, na wengi wao wametoka pale na ujuzi ule ule walioingia nao.

Chukua zege. Fundi wa kijijini uwiano wa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto, anao kichwani, humwambii kitu. Lakini zege likikaza, saidia fundi anaongeza ndoo ya maji. Linateleza, linajaa vizuri kwenye mbao, kazi inakwenda. Nguvu ya zege lile imeshapungua, na kwa macho hutaliona. Kisha linatakiwa kumwagiliwa maji angalau siku saba. Nani atamwagilia? Fundi alipatana kwa kipande, amelipwa siku ya kumwaga, kesho yake yuko saiti nyingine. Kazi inabaki kwa mlinzi wa shule, akikumbuka. Hapo tatizo si ujinga wa fundi tu. Namna anavyolipwa inamfundisha kukimbia.

Dawa inayotajwa kila mara ni cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa vitendo, anafundishwa anapopungukiwa, anapewa cheti. Ni utaratibu mzuri, na wapo wanaotaka twende mbali zaidi, asiye na cheti asiguse jengo la umma. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 iliyounda mamlaka ya ujenzi, NCA, ambayo inasajili hadi mafundi na wasimamizi wa saiti. Hata hivyo, kwenye mijengo mingi ya Nairobi bado vijana wanajipanga getini alfajiri kusubiri kuitwa, na anayechagua haulizi kadi.

Hapa kwetu ni hivyo hivyo. Mwenye nyumba anamuuliza fundi, "Umejenga kwa nani?" Jibu la swali hilo ndilo cheti chake. Kumwambia mtu huyo aache vibarua siku kadhaa akapimwe, wakati ujira wake hautapanda hata senti, ni kumwomba atoe sadaka. Tusidanganyane pia kwamba cheti kingezuia kila jengo lisianguke. Ghorofa 16 lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, mwezi Machi 2013 na kuua watu 36 lilielezwa kuwa limepita idadi ya sakafu zilizoidhinishwa. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi na mshika mwiko.

Kwa hiyo swali langu ni nani alipie. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi wanatozwa SDL, tozo ya asilimia 3.5 ya mishahara, kwa ajili ya kuendeleza ujuzi. Fundi wa mtaani hana mwajiri wa aina hiyo. Kwenye force akaunti, hata hivyo, anayetoa fedha anajulikana, ni serikali yenyewe. Ingeweza kuweka mstari mmoja kwenye BOQ, ile orodha ya kazi, vifaa na gharama zake: mpimaji wa VETA aje saiti wakati wa kusuka nondo na kumwaga zege, jengo lenyewe liwe mtihani, na kila kikosi kiwe na kijana anayejifunza. Au binti, akina mama wanabeba maji na kokoto kwenye saiti hizi tangu zamani, mwiko hawapewi.

Upande wa pili una la kusema. Milioni 20 zilikuwa za kubana tangu mwanzo, na walimu wakuu wameshageuzwa watunza stoo, sasa waongezewe mafunzo ya mafundi? Halafu fundi akipata cheti atakimbilia mjini. Hili la pili halinisumbui, mradi aache kijana nyuma yake. La kwanza linanisumbua, kwa sababu ni kweli, na mstari wa BOQ usio na fedha ni mapambo. Ndiyo maana ningeanza na kilicho rahisi zaidi: sehemu ya ujira wa zege ilipwe baada ya siku saba za kumwagilia. Mafundi watalalamika, na watakuwa na haki, maana siku saba za kusubiri ni siku saba bila kibarua kingine. Basi siku hizo nazo ziandikwe kwenye mapatano, zilipwe.